Dagaa wa Njia ya Karema

Mjukuu wangu Neema,

Hapa Shanwe tuko salama, ni magoti yangu tu yanayolalamika. Bibi yako amevuna karanga na fungu lako ameshaliweka. Umeniuliza kama kurudia mwaka chuoni ni kupoteza muda. Mambo ya chuo siyajui, ila naijua siku moja ya baiskeli.

Nilitoka Ikola asubuhi, nikafuata ufukwe wa Tanganyika kwenda Karema kujitambulisha ukweni, dumu la asali nimelifunga nyuma. Ziwa lilikuwa limelala, na milima ya Kongo inaelea ng'ambo kama mawingu. Kila mwendo ukikolea, nakuta dagaa wameanikwa mchangani mpaka njiani. Nashuka, nasukuma baiskeli pembeni yao, napanda tena. Karibu na Karema jua lilishageuka na sikuona mtu, nikataka kupita juu yao. Lakini waling'aa, mjukuu wangu, kama ziwa limepanda nchi kavu. Nikashuka, nikasimama pale nikisikiliza maji.

Ukweni nilifika jioni. Mama mkwe akauliza, "Mbona umechelewa, baba?"

"Nilikuwa nakwepa dagaa wa watu, mama."

Akacheka. "Nilikuona. Wale wa mwisho ni wangu, nilikuwa kivulini. Nimepita njia ya mkato nikakutangulia."

Pale nilipoendesha kwa kasi nimepasahau. Nakumbuka niliposhuka.

Bibi yako anachungulia hapa begani. Anasema nikuandikie kwamba siku ile angenisubiri hata mpaka kesho yake.

Babu yako