Uji wa Michembe kwa Kondoo Mwenye Mimba

Mjukuu wangu Kabula,

Nakusalimu kutoka Ushetu. Sote tu wazima, na mama yako amemaliza kuvuna. Umeniuliza kama uwatii majirani zako wa Nyarugusu, wanaosema kondoo mwenye mimba apunguziwe chakula ili azae kwa urahisi.

Baba mkwe wangu alishika desturi hiyohiyo. Mwaka nilioolewa, kondoo wetu mwenye tumbo kubwa alilala chini, akashindwa kuinuka.

"Huyo karogwa. Leteni kisu," akaamuru.

Nikasimama mbele yake. "Baba, huyu ana njaa. Waliomo tumboni wanammaliza."

"Tangu lini bibi harusi akawa mganga?"

Watu wa ukoo walicheka. Nikapika uji wa michembe, vile viazi vitamu vya kukaushwa, nikamnywesha kondoo kidogo kidogo, ukoo mzima ukinitazama. Hatimaye alisimama, akazaa mapacha, na maziwa yakawatosha.

Baba mkwe akauliza ni nani aliyeniruhusu kugusa akiba ya chakula.

"Mwenye mimba haombi ruhusa ya kula, Baba."

Kisha nikajipakulia ugali, sahani ikajaa. Kwani nami nilikuwa na mimba ya mama yako, na nilikuwa nimeamriwa nile kidogo.

Mlishe kondoo wako.

Bibi yako