Gitaa la Kumtoa Zuwena

Mpendwa Bamdogo,

Huko uliko naamini wameshakuomba upunguze sauti. Hapa Rusimbi nyumba ilikuwa kimya toka tukuzike, mpaka juzi Zuwena wako alipoolewa.

Kila binti wa ukoo wewe ndiye uliyemtoa mlangoni kwa gitaa. Sasa lile lako gundi imeachia, tumbo limepasuka. Mamdogo akanituma dukani asubuhi ileile ya harusi, wakwe wa Ilagala wameshashuka kwenye boti. Akasema nilete linalolia kama la baba yake Zuwena. Basi.

Dukani yalikuwa mawili. Moja mabega mapana, kiuno hakuna, kama lako. Jingine dogo, limebanwa katikati kama namba nane. Nikakumbatia kubwa. Kwako lilikuwa linalala kwenye kitambi kama mtoto. Mimi na mbavu zangu za dagaa, mkono ukaning'inia, bega likakaza, vidole vikagoma. Na unajua kwa vidole hakuna wa kunigusa mtaa mzima, hata wewe, usibishe. Simu ikaita: wakwe wameshafika uani.

Nikafanya ulivyonifundisha. Muuzaji akayapiga yote mawili, mimi nimegeukia ukuta. La kwanza likanguruma, wewe kabisa, nikaushika ukuta. La pili jembamba, safi, kila uzi unajisemea. Mwenye sauti hiyo sikumjua. Nikakumbuka ulivyokuwa ukinifokea: "Masikio yanadanganya. Lipime na kifua chako, siyo changu."

Nikachukua dogo.

Mlangoni nilijuta, Bamdogo. Vigelegele vilinimeza. Mjuba mmoja wa Ilagala akauliza kama hilo ni gitaa au mbu. Mamdogo akaniangalia kama nimekuuza wewe. Nikapiga tu, jasho mpaka kwenye nyuzi.

Zuwena akafika kizingitini, akagoma kuvuka. Wakwe wakatazamana.

"Simsikii kaka yangu," akasema. "Nyamazeni."

Uani pakatulia. Mamdogo akavuta kigoda, akavuta tena, mpaka goti lake likagusa langu. Akafumba macho. Ndipo Zuwena akavuka, taratibu, unyayo mmoja kwa kila mlio wa uzi.

Lako lilikuwa linawafuata watu waliko. Hili watu wanalifuata. Hata wewe ungekuwepo ungelazimika kunyamaza, kwa mara ya kwanza maishani.

Pumzika sasa, zamu ni yangu.

Mwanao,
Mbavu za Dagaa