Toa Vitambaa Vyangu Chini ya Mabati

Kawangware,
Jumamosi asubuhi.

Ndugu yangu Muthama,

Mama ameamkaje? Najua kila barua huanza hivyo na wewe huruka mstari huo ukitafuta habari, lakini leo usiruke. Ninauliza kweli. Ameamkaje? Kama Mutiso amekupa barua hii barabarani, isome ukitembea kuelekea kwa Mama, usikae chini. Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio hautulii tangu Jumapili, na wewe mwenyewe unaona hizi herufi zinavyopanda na kushuka kama za mtoto wa darasa la kwanza.

Mutiso nimemkalisha hapa kando ya cherehani na kikombe cha chai ndio asinitoroke. Anapanda basi la kuja huko leo, ni wa kwanza niliyempata, na posta ningengoja mpaka niwe wazimu. Ningekuja mwenyewe, Muthama, lakini hapa niko na mgonjwa, hawezi kuachwa peke yake, utasikia.

Barua yako niliipata. Niliisoma nikicheka peke yangu. Ulisema nyumba ya Mama imekwisha, mabati yamepigwa, ukuta umepakwa simiti ndani na nje, na dirisha ni moja, dogo, linafunga vizuri. Ukasema lile gunia la vitambaa nililotuma ili Mama ajazie godoro, wewe umeona lina kazi bora: umevisokota ukavisukuma pale juu ya ukuta, kwenye zile nafasi za migongo ya mabati, halafu ukakandika udongo, hata panya hapiti. Na Mama, ambaye alikataa kabisa kuacha nyumba yake ya nyasi, sasa amehama, na lile jiko la makaa nililomletea Krismasi analiweka karibu na kitanda, anafunga mlango, na asubuhi anakwambia hajawahi kulala vizuri hivyo. Hiyo barua niliionyesha watu. Nikawaambia, mnaona fundi wetu?

Nilimwonyesha hata Wambui. Sasa ngoja nikuambie habari ya Wambui.

Huyu ni jirani yangu, ukuta mmoja, anauza mboga njia ya kwenda Satellite. Vyumba vyetu vyote hapa kwa ploti ni vya udongo na mabati, na pale juu mzee mwenye ploti aliacha nafasi ya kupitisha hewa. Baridi ya Julai ya huku unaijua, ulipokuja ulilala na koti. Mama yake Wambui alikuwa amekuja kutibiwa macho, mwanamke mzee, mpole, kila saa anasugua mikono. Basi Wambui akaja kwangu. "Mbithe, si unipatie hizo vitambaa unatupa? Hii upepo itaniulia mama." Nikampa karai zima. Nikamshikia hata stuli apande. Tukaziba kila mahali, tukicheka, tukisema sasa baridi itafute mlango wa jirani.

Jumapili kulikuwa na manyunyu. Walitoka kanisani wakapika githeri kwa jiko hapo nje, wakangoja moshi uishe, makaa yakawa mekundu kabisa, ndipo wakaliingiza ndani na kufunga mlango. Hivyo ndivyo sisi wote tunafanya, Muthama. Makaa yenye moshi hatuingizi, tunayaogopa. Yakishakuwa mekundu bila moshi tunasema ni safi. Hata wewe unasema hivyo. Hata Mama.

Mchana nikaenda kuchukua karai langu. Nikabisha hodi. Redio inaimba ndani. Nikabisha tena, nikaita, nikagonga na ngumi. Kimya, ila redio. Nikamkimbilia mzee wa ploti, akaja na jembe akavunja komeo.

Hakukuwa na moshi hata kidogo. Hakukuwa na harufu. Kulikuwa na joto, Muthama, joto zuri, la kumfanya mtu aseme wacha nikae hapa kidogo. Hilo ndilo linaniamsha mpaka leo. Wambui alikuwa sakafuni karibu na mlango, mkono ameunyoosha. Mama yake yuko kitandani amejifunika vizuri, uso una rangi nzuri ya mtu mwenye afya. Nilimwita. Nilimtikisa bega nikisema, mama, amka, wageni wamekuja. Woi! Alikuwa amekwisha kufa.

Watu walijaa. Huyu anasema ni sumu kwa githeri, yule anasema kuna mtu amewaroga, mwanamke mmoja akachukua sufuria akaenda kuimwaga. Mzee akatoa pikapu yake, tukampeleka Wambui hospitali. Huko daktari hakuuliza habari ya githeri hata kidogo. Aliuliza, "Mlikuwa na jiko ndani? Kulikuwa na mahali pa hewa kutoka?" Akatuambia makaa, hata yakiwa mekundu namna gani, yanatoa hewa mbaya ambayo haionekani wala hainuki, na chumba kikizibwa hiyo hewa inamlaza mtu moja kwa moja.

Wambui alipopata maneno aliniambia mwenyewe. "Kichwa iliniuma kidogo tu. Nikaangalia mama, nikaona amelala, nikasema asante Mungu, leo amepata joto. Nikataka kutoka nichote maji. Miguu ikakataa." Sasa analala kwangu. Mlango ukifungwa analia, kwa hiyo tunauacha wazi, na mimi nimevaa sweta juu ya sweta. Mama yake anazikwa Jumanne.

Juzi tuliporudi naye kutoka hospitali, mzee wa ploti alikuwa anapita chumba kwa chumba na panga, anachokoa matambara chini ya mabati. Wengine wanamfokea, ati tulipe kodi na tufe baridi? Yeye anachokoa tu. Alipofika kwa Wambui, vikaanza kuanguka miguuni pangu. Kile cha kijani cha yunifomu. Kile cha maua ya manjano. Nikasimama nikiviangalia, na ndipo barua yako ikanijia yote, neno kwa neno. Vitambaa ni vyangu. Jiko ni mimi niliyelileta. Nilikaa chini kwenye matope, Muthama, watu wakadhani namlilia yule mama.

Sasa sikiliza, na usinijibu kwanza. Panda juu leo hii, kabla Mama hajawasha jiko la jioni. Toa udongo wote ulioukandika juu, toa kila kitambaa, pande zote mbili za nyumba. Usiseme unaacha upande wa upepo. Hewa inataka mahali pa kuingia na mahali pa kutoka, upande mmoja pekee hautoshi. Halafu toboa juu ya mlango, mkono wako upite. Najua plasta yako ni mpya na uliipiga kwa jasho, najua itakuuma. Itoboe.

Baridi nayo tutaifukuza kwa njia nyingine. Inayomuumiza mtu ni ile inayompiga amelala, si ile iliyo juu ya kichwa chake. Kwa hiyo chini pazibe vizuri, ufa wa mlango na pembe za ukuta, huko hakuna neno, ila juu ndio usiguse. Kitanda kiinue kwa matofali kiachane na sakafu, na ukisogeze kisiangaliane na mlango. Chini ya godoro tandika makatoni. Na mawe, Muthama! Mbona tumesahau? Tulipokuwa wadogo alikuwa anapasha mawe pale motoni, anayafunga kwa gunia, anatuwekea miguuni. Yanakaa na joto mpaka asubuhi na hayana hewa mbaya. Jiko lipikie nje, lipashie mawe nje, na lilale huko huko nje.

Mutiso anasema, "Dada, hii basi itaniacha." Nimemwongeza chai.

Hapa sasa msomee Mama, yale ya juu usimsomee yote, atakosa usingizi kama mimi. Soma kuanzia hapa:

Mwaitu, ni mimi, Mbithe wako. Najua utasema watu wa Nairobi wamekuwa waoga, wanaogopa hata jiko. Ndiyo, nimekuwa mwoga. Wewe ulikataa kutoka kwa nyumba yako ya nyasi ukisema nyumba isiyotoa moshi ni kaburi, na mimi na Muthama tulikucheka. Tusamehe. Lala kwa nyumba ya nyasi mpaka Muthama amalize kutoboa, na ukirudi kwa mabati usiingize jiko ndani hata kwa dakika ya kupasha mikono. Nakuomba kama bado unanipenda. Na kichwa kikikuuma ndani ya hiyo nyumba, hata kidogo, usiseme ni uzee. Toka nje.

Basi, usimsomee zaidi ya hapo.

Msalimu mke wako, mwambie alale na Mama leo, na asikubali kudanganywa, Mama anajua kuficha makaa chini ya majivu. Msalimu shangazi wa pale kisimani, na yeye mwambie habari hii, maana najua lazima amekuja kuiga nyumba yako. Na fundi aliyekusaidia kupiga mabati mwambie pia, apeleke habari kila mahali alikoziba.

Neno la mwisho. Mutiso anarudi Jumatatu. Usinijibu kwa barua, barua unaweza kuandika ili nitulie tu, nakujua. Nataka vitambaa vyenyewe. Viweke kwa lile gunia pamoja na udongo wake, usivifue. Nilivikata kwa mkono wangu, kijani cha yunifomu, kaki, zambarau ya kwaya, yale maua ya manjano. Nitavimwaga hapa sakafuni, na ukiacha hata kimoja juu nitajua.

Na gunia usifunge wewe. Mpe Mama alifunge, lile fundo lake la magunia ya maharagwe, ambalo mimi na wewe hatukuweza kulifungua hata kwa meno, mpaka tukalikata kwa kisu tukachapwa. Hakuna mtu mwingine analijua.

Jumatatu nitakuwa stendi tangu asubuhi. Mutiso akishuka sitamuuliza habari ya nyumbani. Nitaangalia fundo.

Ni mimi dada yako,
Mbithe