Chetezo Ndani ya Kontena

Mama yangu,

Shikamoo. Naanza na goti lako, maana Dada kaniambia linakusumbua tena ukiinuka kwenye sala. Ile dawa ya kuchua niliyokutumia unaitumia, au imekaa tu kabatini? Sisi wazima, ila mimi usingizi umenipaa.

Tumehama mtaa wetu wa Kingsbury. Nyumba mpya ya mtaa wa Stanmore haikuwa tayari siku tuliyotakiwa kutoka ya zamani, basi Baba Salma akakodi kontena. Si lile kubwa la bandarini; hili dogo, kama chumba cha uani. Wanakuletea mlangoni, unapakia mwenyewe, unatia kufuli lako, kisha lori linalibeba na kulipeleka ghalani kwao mpaka utakapolihitaji. Tuliingiza kila tulicho nacho, hata ule msala wa kusalia wa marehemu Baba ulionipa nilipoondoka.

Nawe ulinisisitiza kwenye simu nisifungie vitu vyangu kwenye chuma cha watu bila kufukiza. Nikakusikia. Nikawasha mkaa kwenye chetezo, nikatia udi, nikakiweka katikati ya maboksi, nikarudishia mlango kidogo moshi uingie nguoni. Nikaenda kusafisha jiko. Kutoka, kontena halipo, lori limeshalibeba. Baba Salma alishatia kufuli bila hata kuchungulia.

“Chetezo umekitoa?” nikamuuliza.

“Chetezo gani?”

Mama, nilikaa pale pale njiani. Baba Salma alipiga simu, dereva hapokei akiwa anaendesha, ofisini wakasema watamtafuta na sisi twende ghalani. Kwenye gari nilisoma kila sura niijuayo na nyingine nikazichanganya. Salma ananiuliza kwa Kiingereza chake kama nguo zake za shule zinaungua. King'ora cha zimamoto kilipotupita nikadhani wanakwenda kwenye kontena letu. Nilikuwa namuwaza yule dereva, mtoto wa watu, amebeba moto mgongoni na hajui.

Tulikuta kontena limeshapangwa, vitu vya watu chini yake na kando yake. Msimamizi akatuambia tusiguse mlango, akaita zimamoto. Tukasogezwa mbali. Walipofungua ulitoka moshi tu, na udi wako ukanukia ghala zima.

Mmoja wao akaniambia, “Una bahati mlango unabana. Ungepitisha hewa, hapa tungekuwa tunazima ghala zima.”

Kilichoungua ni msala wa Baba. Chetezo kilipinduka njiani, kaa likaangukia pale pale alipokuwa akiweka paji la uso. Nimeukunja. Sijathubutu kuusalia.

Sasa tuko Stanmore na nyumba haijafukizwa. Nikishika kiberiti nakirudisha mahali pake, nikikiacha naogopa kulala kwenye nyumba waliyokaa watu nisiowajua bila kufukiza. Baba Salma anasema niachane na udi kabisa, lakini hata yeye naona anaacha taa ya ukumbini inawaka usiku kucha.

Nisalimie Shangazi, mpishi wetu wa shughuli, na Mjomba fundi cherehani. Muulize kama msala unashoneka. Na Dada anayekusomea hii, namjua, asiparuke pale pa msala.

Ijumaa baada ya sala nitakupigia. Nitawasha mkaa wewe ukiwa kwenye simu. Usikate, Mama, mpaka unisikie nakimwagia chetezo maji.

Mwanao mwenye hofu,
Mama Salma