Mama Mkwe Ameshafunga Sanduku la Tampere

Mpendwa Shangazi Merete,

Nisaidie kabla sijapasuka kichwa, maana mimi ni mwanafunzi wa uzamivu wa kompyuta hapa Odense, na baada ya kuhangaika sana makala yangu ya kwanza imekubaliwa kwenye mkutano mkubwa wa watafiti huko Tampere, nikarukaruka jikoni kwa furaha, kisha nikamtazama mwanangu Villads, ana miezi mitano na chupa haitaki kabisa, furaha ikakatika, na mume wangu Jeppe kazi yake ni melini, wiki hiyo hayupo, basi nikamwomba mwenzangu wa maabara, Troels, aniwasilishie, akakubali haraka mno, eti, "Pumzika na mtoto, Sidsel, kule hutakosa kitu," nami mjinga nikamshukuru.

Sasa waandaaji wameniambia wana mfuko wa kuwasaidia wanafunzi wenye watoto, watalipia safari yangu na ya mtu wa kunilelea Villads, na chumba cha kunyonyeshea kipo. Nikamdokezea mama mkwe wangu, Birthe. Lo! Kesho yake kaja na sanduku.

"Mama, bado sijaamua."

"Amua taratibu, mwanangu. Mimi nimeshawaaga majirani."

Utafiti wangu unahusu vifaa vya kusaidia kusikia, naye anavivaa, kwa hiyo kila siku ananisimanga: "Umejaribia kila kitu kwenye masikio yangu, leo uniache nyumbani?"

Shangazi, naona aibu. Wenzangu wataingia na kompyuta zao, mimi niingie na mtoto mgongoni na mama mkwe anayeongea kama anaita kivuko? Na Troels nitamwambiaje? Lakini mwakani namaliza masomo, natafuta kazi, na hakuna anayenijua sura.

Sidsel

Sidsel mwanangu,

Hongera! Sasa nikukaripie. Jasho likutoke wewe, jukwaani apande Troels? Watakaouliza maswali pale ndio watakaotafuta wafanyakazi kesho, na watamkumbuka waliyemwona. Sikulaumu kwa kuchoka. Mtoto wa miezi mitano humchosha hata farasi. Ila huo mfuko si sadaka. Umewekwa kwa sababu watafiti kama wewe walikuwa wanabaki nyumbani, na kazi zao zinasemewa na wengine.

Leo hii wajibu waandaaji kwamba unakwenda. Kisha mpigie Troels, usimwandikie, umwambie: "Ahsante, nitawasilisha mwenyewe." Basi, usijieleze sana. Akinuna, mwache anune. Mnyonyeshe Villads kabla ya kupanda jukwaani na uvae blauzi nyeusi, maziwa hayana adabu. Birthe mkalishe karibu na mlango: mtoto akilia, atoke naye.

Na umshukuru huyo mama. Wengine tuliomba wakwe wa namna hiyo tukakosa.

Shangazi Merete

Sidsel ametuandikia tena baada ya kurudi. Troels alinuna siku moja, ya pili akaja mwenyewe kumsikiliza akifanya mazoezi. Villads alilia katikati ya wasilisho, Birthe akatoka naye akimwimbia kwa sauti kubwa, ukumbi mzima ukacheka, Sidsel naye akacheka, woga ukamtoka. Alipomaliza, mtafiti mmoja wa Trondheim, Bi Solveig, akamfuata na kumuuliza kama angependa kufanya kazi kwao akihitimu.

"Nina mtoto mdogo," Sidsel akaharakisha kusema.

"Nimemsikia," akajibu Bi Solveig. "Mimi nakuuliza kuhusu kazi."