Mto Kichwani kwa Mama Zuhura

Jumamosi. Mvua tangu alfajiri, na vioo vya saluni vimejaa ukungu.

Jambo hili sijamwambia mtu: sitaki kuwa muuguzi. Mama ameshatangaza kanisani kwamba mwakani naanza uuguzi. Kina mama wananiita "nesi", nami natabasamu tu. Ninachotaka kusoma ni dini ya Warumi wa kale, hasa miungu yao ya mito. Hata kuliandika hapa kwenye blogu ni mara ya kwanza.

Tangu nimalize shule namsaidia Mama kwenye saluni yake hapa Greyville, huku nchi ya Wazulu. Kusuka najua. Kuongea ndiko siwezi. Mteja akiniuliza kitu, Mama ndiye anayejibu.

Leo alikuja Mama Zuhura, Mtanzania anayeuza vitenge duka la pili kutoka kwetu. Kesho mdogo wake anaolewa, kwa hiyo alitaka msuko wa twende kilioni, mistari iliyonyooka kutoka kwenye paji la uso hadi kisogoni. Mama alikuwa na mteja mwingine. Kichwa kikawa changu.

Wakaanza habari za mvua. Mama akasema pasta ameahirisha ubatizo wa kesho kwenye Mto Umgeni. "Maji iko mingi, eish. Ule mto hauna mchezo."

"Na Wazulu wanasema kule juu kwenye maporomoko kuna joka," Mama Zuhura akasema.

"Warumi nao walikuwa hawavuki mto hivi hivi."

Ni mimi niliyesema hivyo.

Mama akageuka, kitana mkononi. "Warumi gani? Wa kwenye Biblia?"

"Haohao."

Sikuweza tena kunyamaza. Nikawaeleza kuhusu Tiberino, mungu wa mto unaopita Roma: mzee mwenye ndevu, amejilaza akiegemea mtungi unaomwaga maji, kichwani ana taji la matete. Nikasema mkubwa wa serikali akienda kazini hakuvuka hata kijito kabla ya kutafuta ishara za miungu. Na kila mwaka makuhani wa kike walitupa mtoni sanamu za watu zilizotengenezwa kwa matete, zimefungwa mikono na miguu. Kwa nini? Warumi wenyewe walibishana.

"Kumbe wazungu nao waliogopa mto!" Mama Zuhura akacheka hadi kichwa kikanitoka mikononi. "Halafu wakaja kutuita sisi washenzi!"

Nilipomaliza kusuka, akachukua kioo. Akakisogeza karibu.

Mistari yote ilikuwa imepinda. Inaenda kulia, inarudi kushoto, kichwa kizima. Vidole vyangu vilikuwa vimefuata mdomo.

"Yesu wangu!" Mama akasema. "Fumua yote. Harusi ni kesho!"

Nikashika msuko wa kwanza. Mama Zuhura akanipiga kofi dogo mkononi.

"Hebu niache nijitazame." Akageuza shingo huku na huku. "Ndiyo mto wenyewe huu? Wa huyo mzee wako?"

Ningeweza kuomba radhi tu. "Sikukusudia, shangazi," nikasema. "Lakini ndiyo. Ndivyo unavyopinda kupita mjini."

"Basi hakuna kufumua. Wakwe watauliza, nami nataka jibu. Anaitwa nani tena?"

"Tiberino."

"Tiberino. Mwenyezi Mungu anisamehe, ni hadithi tu." Akatoka kwenye mvua na mfuko wa plastiki kichwani, bado analirudia lile jina.

Mama alifagia nywele kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Hayo yote uko nayo kichwani, na mimi mama yako sijui?"

Nilitaka kumwambia palepale. Nikakusanya vitana badala yake. Lakini sikuona aibu, na hilo kwangu ni jipya. Tangu hapo nimetembea kama mtu mrefu.

Kesho tukitoka kanisani nitamwambia. Najua baadhi yenu mnaosoma hapa mnaimba naye kwaya. Tafadhali, msinitangulie. Itunzeni siri hii mpaka hapo. Nataka aisikie kwa sauti yangu.