Siku Niliyoitwa Jumarao

Mjukuu wangu Neema,

Pokea salamu nyingi kutoka Tumba, huku Stockholm. Mama yako mdogo hajambo, na wanawe hunijibu Kiswidi kila nikiwasemesha. Umeniuliza kama sioni vibaya daktari wa huku kuniita Juma tu. Hata kidogo, bibie. Yeye naye huitwa kwa jina lake tu.

Ila jina la heshima nimewahi kupewa. Ujanani, kule Tanga, nilikuwa kibarua wa fundi mwashi Mmaratha kutoka India, Shankar. Siku moja ukuta ukaporomoka, nikamvuta, akapona. Kesho yake akaita mbele ya wote, "Jumarao, njoo!"

Wenzangu wakacheka.

"Msicheke," akasema. "Kwetu mwanamume anayeheshimiwa huongezewa 'rao' kwenye jina. Zamani kilikuwa cheo cha wakubwa."

Nikaitika, "Nakuja, Shankarrao."

Akaweka mwiko chini, akanitazama, machozi yakimlengalenga. Tangu aondoke kwao, alisema, hakuna aliyewahi kumwita hivyo. Siku ile tulijenga mpaka jioni kwa raha, kama ndugu.

Wasalimie wote nyumbani.

Babu yako akupendaye,
Juma